Visanduku Thelathini na Viwili

Kama uliwahi kusajili hati katika ofisi ile ya ghorofa ya pili, yenye ngazi zilizolika katikati na feni iliyozunguka siku inayotaka, basi mtu huyu ulimwona. Alikaa dirisha la mwisho, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mikono ya shati imekunjwa mara mbili, si moja wala tatu. Jina lake lilikuwemo kwenye jalada la utumishi, lakini sijasikia mtu akilitumia. Aliitwa Mzee wa Alama, na aliitwa hivyo hata kabla hajafika arobaini, maana kuna watu huzaliwa wazee wakasubiri tu mvi ziwathibitishe.

Kazi yake ukiieleza ni fupi. Mtu analeta hati ndani ya flashi: mkataba, wosia, mauziano ya nyumba. Mzee anaifungua kwenye kompyuta, anaipitisha kwenye programu, na programu inaitafuna hati yote mpaka nukta ya mwisho, kisha inatema mstari mmoja wa herufi na tarakimu, jumla thelathini na mbili. Hiyo ndiyo alama ya hati. Badilisha koma moja tu, alama inageuka yote, haifanani tena na ile ya kwanza hata ukiibembeleza. Mzee anainakili kwa wino kwenye daftari, anamwandikia mwenye hati kikaratasi chenye alama hiyo hiyo, kisha hati yenyewe anaifuta kwenye kompyuta.

Naam, anaifuta. Ofisi haikutunza hati za watu. Wakubwa walisema nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, na tena ni heshima: siri za watu zibaki kwa wenyewe, ofisi ibaki na alama. Siku mkigombana, kila mmoja alete hati yake ipitishwe upya kwenye programu. Itakayotoa alama iliyo daftarini ndiyo ya kweli, na nyingine ni karatasi ya kufungia karanga.

Daftari lenyewe alilibuni yeye. Alikwenda kwa mpiga chapa na rula mkononi, akamsimamia mpaka yule bwana akatamani kumfukuza, na likatoka daftari la jalada gumu ambalo kila mstari una visanduku thelathini na viwili, vimepangwa vinne vinne. Kila herufi na kisanduku chake. Akimaliza kuandika alihakiki kwa kidole tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, halafu akarudi kinyumenyume kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, akizitamka kwa sauti ya chini. Wateja waliokuwa kwenye foleni walidhani anasali. Kwa miaka kumi na tisa alijaza madaftari kumi na moja, na hakukuwa na mfuto hata mmoja ndani yake. Mkewe aliondoka mapema katika miaka hiyo, akisema hawezi kuwa mke wa pili wa daftari. Mzee alimsindikiza kituoni kwa adabu, akawahi kazini.

Aliyebaki naye ni dada yake.

Huyo dada alimzidi miaka kumi na miwili, na wazazi walipokufa ndiye aliyegeuka mama na baba. Alikuwa mshonaji. Alimlisha kwa sindano, akamvisha kwa sindano, akamsomesha kwa sindano, na hakuwahi kumkumbusha, jambo ambalo ndugu wengi hawaliwezi. Kwa sindano hiyo hiyo alijenga nyumba ya vyumba vitatu, matofali mia mwaka huu, matofali mia mwaka ujao. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, na kwa kuwa wateja wa kike walijaribisha nguo humo, alimwekea mdogo wake sheria tangu akiwa mdogo: piga hodi mara tatu, usubiri. Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa mara ya tatu, rudi ulikotoka, hata kama una njaa. Kijana akazoea hivyo. Hata alipokuwa mtumishi mwenye mvi, alifika pale kila Jumapili, akasimama kwenye kizingiti na kupiga hodi zake, na dada yake akajibu kutoka ndani, pini zikiwa mdomoni:

"Karibu, Penseli."

Penseli ni jina la utotoni. Alikuwa mwembamba, na alikuwa hapiti ukutani bila kuandika.

Sasa katika mwaka wa kumi na tano wa madaftari, ofisi ililetewa binti wa kompyuta. Alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, anatembea haraka, anacheka haraka, na wiki ya pili tu alivuta kiti akaketi karibu na dirisha la mwisho.

"Mzee, shikamoo. Nina neno, usinikasirikie."

"Marahaba. Nikikasirika utajua."

"Hii programu ya alama ni ya zamani sana. Njia yake inaitwa MD5. Wataalamu waliivunja miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa bado shule. Siku hizi haiaminiki kwa kazi kama hii."

"Imevunjwa vipi? Mimi naiona nzima."

"Mtu mwenye ujuzi anaweza kutengeneza hati mbili tofauti zenye alama moja."

Mzee alivua miwani akaifuta. "Mwanangu, nimeandika alama elfu na maelfu. Sijaona mbili zilizofanana."

"Hujaziona kwa sababu hakuna aliyetaka. Siku akitaka mtu… Ipo njia mpya. Programu ninayo, ni bure, naiweka leo leo. Alama zake ni ndefu zaidi, basi."

"Ndefu kiasi gani?"

"Herufi sitini na nne."

Mzee alitazama daftari. Akahesabu visanduku kwa macho, ingawa alikuwa anajua hesabu yake kuliko umri wake mwenyewe. Sitini na nne zingetaka mistari miwili kwa kila hati, au daftari jipya, na mpangilio wake wote ungevurugika katikati ya kitabu. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akamwambia. Kila anayekataa kubadilika ana methali ya kujifichia, na yeye aliipata yake upesi. Binti akaandika barua kwa mkuu wa ofisi. Mkuu akaipeleka kwa Mzee wa Alama atoe maoni. Mzee akatoa maoni kwamba utaratibu uliopo unaridhisha, na barua ikaishia hapo.

Kwa jambo moja tu alimhitaji yule binti. Watu waliochoka na foleni walikuwa wameanza kumtumia hati zao kwa barua pepe ya ofisi, na hilo lilimuudhi sana. Alimwamuru afanye mpango kila barua iliyobeba hati iende yenyewe kwenye kapu la pembeni, asiione.

"Kapu hilo utalifungua lini, Mzee?"

"Sitalifungua. Mwenye shida apande ngazi."

Binti akacheka, akaufanya mpango ule, na baada ya mwezi Mzee alikuwa amekwisha sahau kwamba kuna kapu.

Mwaka uliofuata dada yake alianza kuumwa magoti. Kushona kulipungua, akahamishia cherehani chumba cha nyuma, na cha mbele akakipangisha kwa kijana mmoja mwalimu wa kompyuta, aliyetaka kufungua darasa dogo. Kijana alikuwa na adabu ya kutosha watu kumi. Alimwita Mama. Alimbebea ndoo. Mkataba wa miaka mitano aliuandika yeye, akauchapa kurasa mbili: wa kwanza una masharti, wa pili una sahihi tu. Dada alisoma yote kwa miwani yake ya kushonea, akasaini. "Mama usisumbuke na magoti hayo," kijana akasema, "nitaiskani mwenyewe, kesho twende tukaisajili."

Siku ya kusajili Mzee alivaa shati jipya. Alimketisha dada yake kwenye kiti cha binti wa kompyuta, akaingiza flashi ya mpangaji, akapitisha hati. Hakuisoma. Hakuwahi kusoma hati ya mtu, na kwa hati ya dada yake aliona ni aibu zaidi kuchungulia. Alijaza visanduku, akahakiki kwenda na kurudi, dada yake akimtazama namna alivyomtazama alipoleta ripoti ya shule. Akampa kikaratasi.

"Na hati yenyewe mimi nitabaki nayo vipi?" dada akauliza. "Sina kompyuta."

"Huihitaji, Dada. Alama ninayo mimi. Mtu akibadilisha hata nukta, nitamnasa."

Yeye akaamini. Angeacha vipi kumwamini aliyemsomesha mwenyewe?

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja mpangaji alibisha mlango wa nyuma, akiwa na adabu zake zile zile, akamwambia Mama kwamba muda wake wa kukaa umekwisha na anaomba ahame kabla ya mwezi kuisha. Dada alidhani anatania. Kijana akafungua hati kwenye kompyuta yake: mauziano ya nyumba, malipo yamekamilika, muuzaji anaruhusiwa kuishi chumba cha nyuma kwa miaka mitatu kisha aondoke. Ukurasa wa pili, sahihi yake. Ilikuwa sahihi yake kweli, na yeye hakukataa.

Kesi ikaenda kwa hakimu. Dada hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapolisimulia. Aliwaambia majirani, "Ndugu yangu ndiye mwenye alama. Mwongo ataumbuka."

Hakimu akaamuru hati ya mpangaji ipelekwe ofisini ipimwe. Mzee wa Alama aliipitisha kwenye programu mikono ikiwa imetulia, akafungua daftari la tisa, akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza. Ikalingana. Cha pili, kikalingana. Alifika mwisho, akarudi kinyumenyume. Akaipitisha hati mara ya pili, na mara ya tatu. Kila mara programu ilitema alama ile ile aliyoiandika kwa mkono wake miaka mitatu nyuma.

Binti wa kompyuta alikuwa amesimama nyuma yake. "Mzee," akasema polepole, "kumbuka nilichokuambia. Mwambie hakimu kwamba njia hii imevunjika. Mwambie tu hivyo, atatafuta mtaalamu."

"Nimwambie alama zangu ni za uongo?"

"Umwambie zinaweza kudanganywa."

"Madaftari kumi na moja, mwanangu. Kila nyumba ya mji huu, kila shamba. Nikisema hivyo kesho watu watapanga foleni hadi barabarani, kila mmoja ana hati yake ya mfukoni."

Alisema kweli, na bado haikuwa sababu yake yote. Sababu nyingine ilikuwa ndogo na ya aibu: alikuwa ameziamini zile herufi muda mrefu mno. Jioni ile, jua likiwa bado lipo, alikwenda kwa dada yake. Alipiga hodi mlango wa nyuma. Alimkuta anapindua pindo la sketi ya mtu, akakaa kwenye kigoda.

"Dada, ule mkataba. Una hakika uliusoma ukurasa wa kwanza?"

"Niliusoma."

"Wote? Magoti yalikuwa yanakuuma siku zile. Labda alikuletea karatasi nyingine ukasaini bila kujua. Labda… labda mlikubaliana kitu ukasahau."

Cherehani ikasimama. Dada alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Hata wewe, Penseli?"

"Alama inalingana, Dada."

"Mimi nakwambia sikuuza nyumba, wewe unaniambia alama." Hakupandisha sauti. "Siku ile ile ya kusajili, yule mpangaji alitoka kupokea simu, flashi ameiacha kwa msichana wa mapokezi. Nilimwomba yule msichana akutumie nakala kwenye barua pepe yako, ukae nayo. Nikajua unayo."

"Hakunitumia. Barua zangu zote nazijua."

"Tazama tena."

Alitazama kesho yake. Alipekua barua za mwaka ule wote, moja baada ya nyingine, na hakuona kitu. Msichana wa mapokezi alikuwa ameacha kazi, ameolewa mbali, hakuna aliyekuwa na namba yake. Basi Mzee akahitimisha kwamba dada yake amechanganya mambo. Umri, alijiambia. Mtu mzima husahau.

Mahakamani aliapa. Wakili wa mpangaji alimuuliza maswali machache tu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Umetumia utaratibu huu miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Umewahi kukosea?"

"Hapana."

Hakimu, ambaye alikuwa mama mtulivu, aliinamisha kichwa. "Shahidi, nafahamu mdai ni dada yako wa tumbo moja, na najua hili si jepesi. Je, kuna jambo lolote kuhusu alama hizi mahakama inapaswa kulijua?"

Kwenye benchi la nyuma alikaa binti wa kompyuta, aliyeomba ruhusa kazini aje kusikiliza. Dada alikuwa mbele, kikaratasi cha alama kimekunjwa mkononi, anamtazama mdogo wake kwa matumaini kabisa.

"Hakuna, mheshimiwa," Mzee akasema.

Hukumu ilisomwa wiki ile. Watu walimsifu Mzee wa Alama kwa uadilifu. Ona mtu, walisema, hakumpendelea hata ndugu yake. Alizipokea sifa hizo kimya, na kwa muda, Mungu amsamehe, zilimfariji.

Dada akahamia kwake, chumba cha karibu na jiko. Cherehani haikupita mlangoni, ikawekwa barazani chini ya turubai. Hakulaumu. Hakumtaja mpangaji, wala hakimu, wala daftari. Alipika, alifagia, alishonea majirani vifungo kwa mkono. Ila alianza tabia moja: kila alipotaka kuingia jikoni au sebuleni, alisimama mlangoni akapiga hodi.

"Dada, hapa ni kwako. Hodi za nini?"

"Nimezoea tu," alijibu, na kesho yake akapiga tena.

Mara nyingi, wakila, Mzee alitaka kusema neno. Hakujua aseme lipi. Kumwomba radhi kungekuwa kukiri kwamba anamwamini, na kama anamwamini basi alama ni ya uongo, na kama alama ni ya uongo, yeye amefanya nini pale mahakamani? Hesabu hiyo aliikimbia kila ilipomjia. Akamsogezea dada yake chumvi. Wakaendelea kula.

Dada alikufa mwezi wa nane tangu ahame, asubuhi, baada ya siku nne za homa na kifua. Siku ya tatu alimshika mdogo wake mkono akasema, "Usiiache cherehani kwenye mvua." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Mzee alingoja amwambie lingine, na nadhani yeye naye alikuwa anangoja.

Ulibaki mwezi mmoja na nusu Mzee astaafu. Ofisi ilikuwa imepata mkuu mpya, na mkuu mpya aliamuru barua pepe zote zihamishiwe mtambo mwingine. Binti wa kompyuta akaanza na dirisha la mwisho. Tangu kesi walikuwa wanasalimiana tu.

"Mzee, kwenye lile kapu lako la pembeni kuna barua mia nne na kumi na sita. Nizihamishe au nifute?"

"Kapu gani?"

"Lile uliloniagiza. La barua zilizobeba hati."

"Aa. Futa."

Aliendelea kupiga mstari kwa rula. Akasikia vidole vya binti vikigonga vibonyezo, kisha vikaacha.

"Mzee."

"Mm."

"Kuna moja ya mapokezi. Imeandikwa: 'Hati ya dada yako. Amesema umtunzie.'"

Rula ilianguka sakafuni na hakuna aliyeiokota. Binti alisogeza kiti, Mzee akaketi mbele ya kompyuta. Hati ikafunguka. Ukurasa wa kwanza: mkataba wa kupangisha chumba cha mbele, miaka mitano, mpangaji atarudisha chumba kama alivyokikuta. Ukurasa wa pili: sahihi mbili. Mzee aliusoma ukurasa wa kwanza kuanzia juu hadi chini. Katika miaka yake yote ya kazi, hiyo ilikuwa hati ya kwanza kuisoma.

"Ipitishe," akasema.

Programu ikatafuna, ikatema. Yeye akafungua daftari la tisa, akaweka kidole. Alitamka herufi zote thelathini na mbili. Alipomaliza akarudi kinyumenyume hadi kisanduku cha kwanza. Kila moja ililingana. Nakala ya hati ya mauziano ilikuwa bado kwenye jalada la kesi. Waliileta, wakaipitisha nayo, nayo ikalingana. Nyumba imeuzwa na nyumba haikuuzwa, na alama ni moja.

"Hakuigiza alama ya mkataba wa dada yako," binti alieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Hilo hata leo halijawezekana. Alizitengeneza hati zote mbili pamoja, kabla hajaja hapa, kama mapacha. Akaziongezea ndani vipande usivyoviona kwa macho mpaka alama zikakutana. Akatusajilisha moja, nyingine akaiweka miaka mitatu."

Kisha akaweka ile programu mpya, ya herufi sitini na nne, akazipitisha zote mbili. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo. Haikufanana hata kwa herufi ya kwanza. Kazi hiyo yote haikumchukua dakika moja.

Mzee aliitazama ile mistari. "Ungeweza kuiweka siku ile," akasema.

Binti alimwekea mkono begani, na Mzee wa Alama, aliyemsindikiza mke kituoni kwa macho makavu na kumzika dada yake akiwa amesimama wima, alilaza paji la uso juu ya daftari akalia kwa sauti mbele ya foleni nzima. Wino wa mstari ule ukachujuka. Huo ndio mfuto pekee ulio katika madaftari kumi na moja.

Maelezo kwa mahakama aliyaandika mwenyewe, na hakujipunguzia. Aliandika kwamba alionywa mara mbili. Aliandika kwamba hakimu alimuuliza na akajibu hakuna. Aliandika kwamba marehemu alimwambia nakala ipo, na yeye akamwona amechanganyikiwa. Kesi ikafunguliwa upya, mpangaji akakamatwa akiwa anapakia kompyuta zake, hukumu ikatenguliwa, na ofisi ikaanza kuwaita watu waje na hati zao, foleni ikafika barabarani kama alivyotabiri. Wengine walimtukana alipopita. Aliona wana haki.

"Marehemu aliacha mrithi?" hakimu aliuliza siku ya mwisho.

"Hakuzaa, mheshimiwa."

"Ndugu?"

"Ni mimi tu."

Hakimu akaandika. Ndivyo sheria ilivyo: nyumba aliyoipoteza dada kwa kiapo cha mdogo wake ikawa mali ya mdogo wake. Karani akamkabidhi ufunguo, Mzee akasaini kwamba ameupokea.

Alikwenda kesho yake, Jumapili, saa zile zile alizokuwa anakwenda. Alikuwa amekodi mkokoteni, juu yake cherehani, imefunikwa turubai vizuri ingawa hapakuwa na dalili ya mvua. Mwenye mkokoteni aliegesha kivulini. Mzee alipanda kizingiti, ufunguo mkononi. Angeweza kufungua tu. Badala yake akasimama wima, akakohoa.

"Hodi."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akasubiri muda wa mtu mwenye magoti mabaya kunyanyuka kwenye kiti.

Mara ya tatu hakupaza sauti. Aliinama karibu na mlango akasema, "Hodi, Dada. Nimekuja kukwambia hukuuza."

Akasubiri. Alisubiri mpaka mwenye mkokoteni akaja kumuuliza kama kuna tatizo. Kisha akatia ufunguo mfukoni, akashuka kizingiti, na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akarudi alikotoka.